Uzito wa Neno "Muzuri"

Jumamosi moja, miezi michache baada ya kuanza kufundisha watoto kuchora, msichana wa miaka tisa alinionyesha ndege. Alikuwa amemchora kwa kaa la moto uliozimika, bawa moja refu kuliko jingine, jicho kubwa kama la samaki. Yule ndege alinigusa. Nikainua karatasi juu ili wote waone, nikasema, "Muzuri sana." Nililitamka neno kama tunavyolitamka Lubumbashi, na ile "u" ndani yake, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kweli.

Jumamosi iliyofuata nilipata ndege kumi na mmoja.

Darasa lilikuwa na watoto kumi na wawili. Wiki iliyotangulia walikuwa wamechora mama anayeuza mikate, mechi ya mpira uwanjani, nyumba yenye bati lililochukuliwa na upepo, mazishi ya babu. Sasa karibu wote walikuwa wamehamia kwa ndege, na wengi wa ndege hao walikuwa na bawa moja refu kuliko jingine. Msichana mwenyewe alikuwa amemchora yuleyule wa kwanza, bawa kwa bawa, jicho kwa jicho, kama mtu anayerudia neno lililowahi kumpatia zawadi. Mtoto mmoja tu hakuchora ndege. Mvulana aliyekaa karibu na dirisha alikuwa amechora malori, kama alivyofanya wiki iliyotangulia na wiki iliyokuwa kabla yake: malori yaliyopangana barabarani kuelekea Kasumbalesa, yamebeba shaba, moja nyuma ya jingine hadi ukingo wa karatasi.

Sikuwa nimewaambia wachore ndege. Siku ya kwanza kabisa niliwaambia kwamba hapa hakuna jibu sahihi, kwamba kila mtu achore anachotaka. Niliamini nimewapa uhuru. Ndege wale kumi na mmoja walinionyesha kwamba nilikuwa nimetoa amri, tena amri yenye nguvu kuliko zote nilizowahi kutoa, na nilikuwa nimeitoa kwa kusifu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo. Je, inawezekana kumfundisha mtu sanaa bila kuutawala mkono wake? Na kama haiwezekani, basi uhuru tunaousema, wa mtoto mbele ya karatasi yake, ni kitu gani?

Lugha yetu ina maoni yake juu ya jambo hili. Anayepata elimu tunasema anajifunza, na ndani ya neno hilo kuna kile kiungo kidogo, "ji", kinachomrudisha mtendaji kwake mwenyewe. Anayejifunza anajifunda. Mwalimu hayumo ndani ya kitenzi hicho, amesimama pembeni. Nilipokuwa kijana nililipenda wazo hilo, na bado nalipenda. Lakini aliyesimama pembeni ana macho, ana uso unaong'aa au kununa, na mtoto anausoma uso huo kwa haraka kuliko anavyosoma herufi ubaoni.

Mji huu ulikwisha kukutana na swali hili kabla yangu. Mwaka 1946, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, Pierre Romain-Desfossés, alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar, yaani banda. Msimamo wake ulikuwa wazi. Hakutaka kuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya waziige. Hakuwafundisha kanuni za Kizungu za kuonyesha umbali na ukaribu kwa mistari. Alipinga mafunzo yoyote yaliyotaka kumfuta Mwafrika ili abaki kivuli cha mabwana wa sanaa wa Ulaya. Aliamini kwamba ndani ya kila mmoja wao kulikuwa tayari na hazina, na kwamba kazi yake ilikuwa kuilinda isiharibiwe.

Lazima tuupime ujasiri wa jambo hilo kwa wakati wake. Katika koloni la Ubelgiji shule ilimtaka mtoto arudie aliyoambiwa. Kumweka mtu mbele ya karatasi na kumwambia kwamba alichonacho kinatosha kulikuwa kwenda kinyume na mkondo. Matunda yakaonekana. Bela, aliyetoka upande wa Chad, alichora kwa ncha za vidole bila brashi, alama ndogondogo za rangi zikawa majani, wanyama na wawindaji. Pili Pili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akaijaza nafasi iliyobaki kwa vistari vyembamba visivyohesabika hadi maji yenyewe yakaonekana kupumua. Mwenze Kibwanga alisuka picha zake kwa mistari iliyopishana, mithili ya mkeka. Ukiziona kazi za hao watatu ukutani huwezi kumdhania mmoja kuwa mwenzake. Mikono mitatu iliyopita chini ya paa moja ikabaki mitatu: hakuna ushahidi mzuri zaidi kwamba uhuru ule haukuwa wa maneno tu.

Lakini kila ninapozikumbuka picha za Hangar ninazozifahamu, kuna kimya fulani ndani yake kinachonisumbua. Wachoraji wale waliishi katika mji wa shaba. Dohani ya kiwanda cha Union Minière, kampuni ya shaba, ilisimama juu ya paa zote, na kando yake kilima cheusi cha masalia ya shaba iliyoyeyushwa kiliongezeka mwaka hadi mwaka. Treni zilipita. Kambi za wafanyakazi zilikuwa na mistari iliyonyooka kama ya daftari. Tena, Desemba 1941, miaka mitano tu kabla banda halijafunguliwa, wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wamegoma kudai mshahara, wakakusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huu, na askari wakawapiga risasi. Watu walikuwa bado wanaomboleza. Kwenye karatasi za Hangar, samaki waliogelea na ndege waliruka.

Sidai kwamba Romain-Desfossés alimkataza mtu kuchora dohani. Sina sababu ya kumdhania hivyo. V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliitazama karakana hii katika kitabu chake cha mwaka 1994, The Idea of Africa, na anatusaidia kuona ilivyojengwa juu ya imani: kwamba Mwafrika anabeba ndani yake kumbukumbu ya kale ya uzuri, iliyofungamana na mazingira yake na asili yake. Mwalimu mwenye imani hiyo hahitaji kukataza. Atatafuta kile anachokiamini, atakipata, na atakapokipata uso wake utang'aa. Wanunuzi nao, wengi wao Wazungu wa mjini, walitaka kupeleka nyumbani Afrika ya samaki na swala. Uso wa mwalimu na pochi ya mnunuzi vilielekea upande mmoja.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa tofauti kati ya katazo na sifa. Katazo lina sura. Ukiambiwa usipite, unajua ukuta uko wapi: unaweza kuuchukia, kuuzunguka, usiku mmoja ukauruka. Mtoto aliyekatazwa kuchora malori anajua kwamba anapenda malori. Sifa haijengi ukuta. Inafungua njia moja na kuimwagia mwanga, na mtu huifuata akidhani anajifuata mwenyewe. Aliyekatazwa ananung'unika. Aliyesifiwa anashukuru. Ndiyo maana utawala wa sifa ni mgumu kuutambua, hata kwa yule anayeutoa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida tunaisoma methali hiyo kama lawama kwa mgema: kichwa kimemvimba. Mimi siku hizi naisoma upande wa pili. Kabla ya sifa, mgema alikuwa akilionja tembo lake mwenyewe, ulimi wake ulikuwa hakimu. Baada ya sifa, hakimu amehamia midomoni mwa wanywaji. Hana haja tena ya kuonja, na asiyeonja hatajua maji yameingia lini. Sifa ilichukua ulimi wake kwanza, tembo likaharibika baadaye.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Pengine Pili Pili aliwapenda samaki kweli. Mtu aliyetoka kijijini akaja mjini anaweza kuchora mto aliouacha kwa sababu mto huo ndio ukweli wake mkubwa, na kuuchora mbele ya dohani ni namna ya kuikataa dohani. Ninaikubali hoja hiyo yote. Nimesimama mbele ya samaki wa Pili Pili na sikuona mtu anayetii amri. Kosa ninalolitafuta haliko kwa ndege wala kwa samaki. Liko kwa mwalimu asiyejua kama ndege huyu amekuja mwenyewe au ameitwa.

Basi tufanyeje? Njia ya kwanza ni kuacha kujifanya hatupo, na kufundisha waziwazi. Mwaka 1951 mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha hapa mjini chuo cha sanaa kilichofundisha kwa utaratibu, na Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, wachoraji wa Hangar walihamia huko. Mwenze Kibwanga akawa baadaye mwalimu. Kitu kama hicho kilitokea Kampala. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930, aliwasimulia wanafunzi habari au mandhari kwa mdomo, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini, ili picha za Ulaya zisiwaingie machoni. Cecil Todd aliyempokea mwaka 1958 aliona kinyume: mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana haki ya kuijua historia yote ya sanaa ya dunia na elimu ya rangi, kama mwanafunzi wa mahali pengine popote. Kubishana juu ya nani kati yao aliwaheshimu zaidi wanafunzi wake ni kubishana juu ya heshima yenyewe: je, kumheshimu mtu ni kukilinda alichonacho, au ni kumfungulia ghala?

Nimejifunza kuliheshimu somo la ufundi kuliko nilivyoliheshimu zamani. Ninapomwonyesha mtoto jinsi ya kulishika kaa kwa ubavu ili lipake kivuli kipana, au jinsi ya kusaga tofali jekundu na kulichanganya na uji wa unga wa muhogo lipate kushika karatasi, ninamtawala waziwazi. Anaona mkono wangu. Anaweza kesho kusema njia yangu ni mbaya na kutafuta yake. Mtoto mmoja aliniletea kipande cha jiwe la kijani, malakiti, akitaka tulisage tupate rangi ya majani. Nilimkataza palepale, kwa sababu vumbi lake lina shaba na si kitu cha kuvutwa na mtoto. Alinuna nusu saa. Lakini alijua hasa nimemkataza nini na kwa nini, na alipomaliza kununa alikwenda kutafuta kijani kwingine, akarudi na majani ya matembele aliyoyaponda. Katazo langu lilimwachia akili yake nzima.

Njia ya pili ni ya soko na mtaa, ambako hakuna mwalimu. Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vibao mwishoni mwa miaka ya 1960, hakufungua chuo. Ndugu na jamaa walikaa karibu naye wakaiga, na alipokufa mwaka 1972 uigaji huo ukawa mtindo wenye jina lake hadi leo. Kuiga, kitu ambacho Romain-Desfossés alikiogopa, kulilisha familia nyingi na kulitoa mikono ambayo shule isingeitoa.

Hapa kwetu mtaa ulimtoa Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa mjini humu mwaka 1947, mwaka mmoja baada ya Hangar kuanza. Katika ujana wake, sebule za mitaa yetu zilikuwa na picha zilizochorwa na mafundi wa mtaani: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri kwa masharti, au ua wa gereza wakati wa Wabelgiji, mfungwa amelazwa chini, fimbo imeinuliwa. Watu walizinunua zitundikwe mahali wageni wanapokaa, ili ziamshe mazungumzo. Zilikuwa na jina lililosema kazi yake: ukumbusho. Picha ilisifiwa kwa maneno iliyoyazaa sebuleni, kwa mgeni aliyesema, "Na mimi baba yangu alipigwa hivyo."

Tshibumba alichora picha hizo kwa riziki, lakini moyoni alikuwa na jambo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha 101, na kuzieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa, ambaye aliyachapisha mazungumzo yao na picha hizo mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Ndani ya mfululizo huo kuna mauaji ya mwaka 1941. Kimya cha Hangar kilivunjwa na mtu ambaye alikuwa hajazaliwa risasi zilipolia. Alichora alichosikia kwa wazee, nao walimpa kwa sababu kilikuwa bado kinawauma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika, na hadi leo mji unamkumbuka kwa picha alizoziacha.

Ningependa kumfanya Tshibumba jibu la swali langu: tazama, huyu hapa mtu huru, asiye na mwalimu wa kumpotosha kwa sifa. Ukweli hauniruhusu. Mnunuzi wa mtaani alimsifu kwa mamba muntu, na ile historia ndefu ilizaliwa mbele ya msikilizaji mgeni aliyekuwa tayari kulipa na kusikiliza. Bila sikio lile pengine tusingekuwa na picha 101. Hakuna mchoraji anayechora mbele ya mtu asiyekuwapo. Karatasi haiwi tupu hata siku moja. Kabla mkono haujaigusa, macho ya wengine yamekwisha kukaa juu yake. Tofauti ninayoiona ni kwamba Fabian aliuliza maswali, na Tshibumba alikuwa na majibu yake, hata majibu ambayo muulizaji hakuyatarajia. Alizungumza kama mwanahistoria, na ndivyo alivyojiita.

Ninapofikiri juu ya sifa katika mji huu, neno jingine hunijia: posho. Wazee waliofanya kazi Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines, wanakumbuka unga, samaki, mafuta na maharage vilivyogawiwa kila juma kwa hesabu ya watoto. Kampuni ilitoa nyumba, shule na hospitali, na watu wakasema "kazi njo baba, njo mama". Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu amezisimulia familia hizo katika kitabu chenye jina lenye uchungu, Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Gécamines ilianguka katika miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mara moja. Baba aliyelisha kwa vizazi viwili aliondoka mezani. Waliobaki walilazimika kujifunza ukubwani kulima, kuchuuza, kuanza upya, mambo ambayo wazazi wa wazazi wao waliyajua.

Sifa ni posho. Inashibisha kweli, na sitamdharau anayeisubiri, maana mtoto anahitaji chakula hicho. Lakini kipimo kimo mikononi mwa anayegawa. Mtoto aliyelelewa kwa neno "muzuri" kila Jumamosi ataishije siku mwalimu atakapohama, atakapochoka, atakapokufa? Atakaa mbele ya karatasi akisubiri gari la posho lisilokuja. Nimewaona vijana wenye mikono ya dhahabu walioacha kuchora mara tu walipotoka shuleni, na nadhani hili ni sehemu ya sababu: walijua kuchora kwa ajili ya uso fulani, na uso huo ukaondoka.

Baada ya wale ndege nilijaribu kunyamaza. Wiki tatu nilipita kati ya meza bila kusema neno, nikidhani kimya kitawarudishia ulimi wao. Lilikuwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Watoto walikisoma kimya changu kama hasira. Michoro ikawa midogo, ikajificha kwenye pembe za karatasi. Msichana wa ndege alikosa Jumamosi mbili, na nilipokwenda kwao, mama yake alinipa kiti, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mutoto anasema haumupendi tena." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemnyima posho mtu niliyemzoesha posho, kisha nikaiita hali hiyo uhuru.

Njiani kurudi, chini ya mijakaranda iliyokuwa imeanza kumwaga maua, neno lenyewe lilinifungulia mlango. Kwa Kiswahili, sifa ni vitu viwili. Sifa ni maneno mazuri ninayokupa. Sifa pia ni hali ya kitu chenyewe: urefu ni sifa ya dohani, ukali ni sifa ya pilipili. Sifa ya kwanza inatoka kwangu na ninaweza kuizuia. Ya pili imo katika kitu, na kazi yangu ni kuiona tu. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikiwapa watoto sifa, nikasahau kuwaonyesha sifa za walichokifanya.

Jumamosi iliyofuata msichana alirudi. Alichora mlango. Nilikaa kando yake, nikamwambia nilichokiona: kwamba mlango ni mweusi sana chini na mweupe juu, kwamba kitasa kiko juu kuliko kichwa cha mtoto anayesimama mbele yake, kwamba kati ya mtoto na mlango ameacha nafasi pana isiyo na kitu. Nikamuuliza kama ndivyo alivyotaka. Alifikiri. Akasema kitasa ndiyo, nafasi hapana, nafasi ilikuja yenyewe. Kisha akaitazama nafasi hiyo kwa muda mrefu, akaamua kuiacha.

Sijui jina bora la kitendo hicho kuliko ushuhuda. Shahidi hasemi kesi iamuliwe vipi. Anasema alichokiona, na anaweza kuulizwa, anaweza kukosolewa. Najua shahidi naye huchagua. Nilitaja kitasa, sikutaja rangi ya gauni la mtoto. Macho yangu yalikwisha kuchagua kabla ya ulimi. Lakini ukimwambia mtoto "kitasa kiko juu", anaweza kukujibu "hapana, mtoto ndiye mfupi". Ukimwambia "muzuri", atajibu nini? Neno hilo halina mlango wa kutokea. Kipimo changu cha ualimu kimekuwa hiki: je, nilichosema kinaweza kukataliwa na mtu wa miaka tisa?

Waluba, ambao wengi wa watoto wangu ni wajukuu zao, walikuwa na kibao kinachoitwa lukasa. Ni ubao wa kushikwa mkononi, umejaa shanga, makombe na michongo, uliotumiwa na watu wa chama cha Mbudye kuhifadhi habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Mwenye kuusoma alipitisha kidole juu ya shanga na kusimulia. Shanga zilikaa palepale, lakini masimulizi yalibadilika kufuata msomaji, tukio na wasikilizaji. Ninaona katika kibao hicho elimu niliyoitafuta. Kuna kitu kigumu, kilichopokewa, kisichoruhusu kusema lolote tu: ushanga upo ulipo. Na kuna kidole cha mtu hai, kinachoamua leo kiuguse vipi. Mfundishaji wa lukasa alifundisha ushanga uko wapi. Simulizi alimwachia mwenye kidole.

Katikati ya wiki napita karibu na kiwanda cha zamani, naitazama dohani. Vizazi vimeitazama, na kila kizazi kiliiita jina lake: kazi, moshi, baba, njaa. Sammy Baloji, mpigapicha aliyezaliwa hapa mwaka 1978, ameyaweka mabaki ya viwanda vyetu mbele ya macho ya dunia, na pamoja na wenzake alianzisha mikutano ya Picha, ambayo tangu mwaka 2008 imeufanya mji huu kuwa na maonyesho yake makubwa ya sanaa. Watoto wangu wanakulia katika mji ambao dohani inaweza kuwa picha. Nafurahi. Lakini najua pia kwamba kesho ninaweza kusimama mbele ya darasa, nikang'aa uso mbele ya dohani ya mtoto mmoja, na Jumamosi itakayofuata nikapata dohani kumi na moja. Picha ya ukweli wa mji iliyochorwa kwa ajili ya uso wangu ni ndege yuleyule.

Yule mvulana wa dirishani aliendelea na malori yake mwaka mzima. Kwa miezi mingi sikumwambia kitu, na ninakiri kwamba mwanzoni ni kwa sababu malori yake hayakunivutia. Alikuwa nje ya mwanga wangu, na labda hilo ndilo lililomlinda. Mwezi uliopita nilipita nyuma yake nikasimama. Malori yalikuwa yamebadilika. Chini ya kila moja kulikuwa na mtu mdogo amelala kivulini, dereva anayesubiri zamu yake mpakani, na kila mtu alikuwa amelala kwa namna yake: mmoja kwa ubavu, mwingine mkono umefunika macho, mwingine ameketi tu, kichwa kimeangukia magotini. Nilipigwa na kitu kifuani. Mafunzo yangu yote yaliniponyoka, nikasema, kama zamani, "Muzuri sana."

Hakuinua kichwa. Kaa lilikuwa linakwenda chini ya lori la nne, ambako hapakuwa na mtu bado.

"Bado, mwalimu," akasema. "Haiyaisha."

Nikarudi nyuma hatua moja, ili kivuli changu kitoke kwenye karatasi yake.